Sijambo ya Mgonjwa

Katika lugha yetu mtu haugui tu, mtu "hawezi". Mwambao mzima, ukimuulizia jirani ukaambiwa hawezi, huulizi hawezi nini, kwani umekwisha kufahamu kwamba yu kitandani. Akianza kuinuka husemwa amepata ashekali, au ana nafuu, au hajambo kidogo. Hali ikizidi husemwa yu taabani, yu hoi, na mwisho yu mahututi, na hapo watu huanza kutafuta viatu vyao. Hiyo ni mizani yenye daraja zake, na wazee wetu waliitumia kabla ya daktari yeyote kufikiria kuiandika hali ya mgonjwa kwa tarakimu. Lakini mizani hiyo ina jambo moja lisilosemwa sana: inashikwa na waliokizunguka kitanda. Aliyelala juu yake, akijiwa na mgeni na kuulizwa hujambo, hujibu sijambo. Pengine huongeza alhamdulillah. Kisha hugeukia ukutani.

Nataka kuzungumza na wasomaji juu ya jibu hilo, kwa sababu leo duniani imesimama elimu nzima inayolitegemea, na maamuzi makubwa ya tiba na ya fedha hujengwa juu yake.

Kwa muda mrefu madaktari walipima walichoweza kukigusa: joto, damu, ukubwa wa uvimbe, na hatimaye kufa au kupona. Mwishoni mwa miaka ya 1940 madaktari wawili wa Marekani, Karnofsky na Burchenal, waliokuwa wakijaribu dawa za saratani, waliona kwamba haitoshi kusema dawa imemwongezea mtu miezi, bila ya kusema miezi hiyo aliishije. Wakatunga kipimo cha 0 hadi 100 kinachopanda kumi kumi. Mwenye 100 hana shida yoyote. Mwenye 0 amekufa. Kilikuwa ni kipimo cha huruma kwa namna yake, ila namba iliandikwa na daktari, kama vile kwetu neno mahututi linavyotamkwa na shangazi mlangoni. Karibu na wakati huo huo katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, ilitangaza kwamba afya si kutokuwa na maradhi tu, bali ni uzima kamili wa mwili, wa akili na wa maisha pamoja na watu. Ilichukua miaka mingi kabla ya swali kuelekezwa kwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1987 wataalamu wa nchi kadhaa za Ulaya waliungana kutunga hojaji fupi inayouliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wahaka au unyonge wa moyo. Kila jambo, katika hojaji inayotumika zaidi sasa, lina daraja tano. Ukizidisha unapata hali 3,125 za binadamu. Mshairi atasema ni chache. Karani wa hospitali atasema ni nyingi mno.

Mfasiri, kabla hajafika kwenye maswali yenyewe, hukwaa kwenye jina. Wataalamu wetu wameandika "ubora wa maisha", na jina hilo limekwisha kuenea, silipingi. Lakini ubora kwetu ni wa karafuu, wa mbao, wa kitambaa. Kuna daraja ya kwanza na ya pili, na kuna takataka. "Hali ya maisha" nayo imetekwa na bei ya unga na mafuta ya taa. Lipo neno ambalo lingefaa zaidi, nalo ni uzima, kwa sababu mzima ni aliye hai, na ni asiye mgonjwa, na ni asiyepungua, na ni aliyekwisha kukua, yote katika neno moja. Taabu ni kwamba uzima haukubali kukatwa vipande. Humwambii mtu yu mzima kwa 64 katika 100. Huenda lugha ilikuwa na sababu ya kukataa.

Maswali nayo yana mikasa yake. Hojaji moja ya Kimarekani iliyoenea sana, yenye maswali 36, iliyotolewa mwaka 1992, humuuliza mgonjwa kama anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Humuuliza pia, kwa lugha ya kwao, kama amejisikia kuwa buluu. Hojaji hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam kwa maelfu ya watu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999. Kazi ya namna hiyo ina utaratibu wake: mmoja hufasiri kuja kwenye Kiswahili, mwingine ambaye hakuiona asili huirudisha kwenye Kiingereza, kisha asili mbili hukaliwa kitako na kulinganishwa. Ni utaratibu mzuri, na ningependa mashairi nayo yangefasiriwa kwa uangalifu huo. Gofu huondoka, ndoo ya maji huingia. Lakini kuna mambo ambayo utaratibu huo hauyakamati. "Uchungu" hurudi kwenye Kiingereza kama maumivu, na kila mtu huridhika. Ilhali uchungu ni wa mwarobaini, na wa mzazi anayejifungua, na wa aliyefiwa, na wa aliyedhulumiwa. Mgonjwa aliyeulizwa ana uchungu kiasi gani anaweza kukujibu juu ya mwanawe aliyeacha kumtembelea, nawe ukaandika namba hiyo katika safu ya mgongo.

Miaka kadhaa nyuma watafiti fulani waliniomba niipitie tafsiri ya hojaji kama hizo, na niandamane nao siku mbili kusikia inavyoitikiwa. Nilimsikia muuguzi kijana, mwenye adabu zake, akimuuliza bibi mmoja mwenye saratani. Alimwonyesha msitari wenye 0 chini na 100 juu, akamweleza kwamba mia ni afya bora kabisa anayoweza kuifikiria. Bibi akautazama msitari ule kwa muda. Akasema: "Mwanangu, ukamilifu ni wa Mungu." Akaulizwa tena, basi yeye angejiweka wapi. Akasema: "Alhamdulillah, sijambo." Kijana hakujua aandike nini, akaandika 70. Nilipomuuliza baadaye kwa nini 70, alisema ilionekana ni namba yenye heshima.

Sikumlaumu. Alikuwa katika jambo gumu kuliko alivyofundishwa. Kwani jibu la yule bibi halikuwa uongo, na wala halikuwa taarifa. Alhamdulillah ya mgonjwa ni shukrani, na shukrani haipungui kwa sababu mgongo unauma. Pengine ndiyo huzidi. Ni sitara pia, kwa sababu mwili wa mtu mzima haufunuliwi mbele ya mtoto wa watu. Na ni takrima: mgeni amekuja kutoka mbali na karatasi zake, haifai aondoke na mzigo. Katika neno hilo moja mna mambo matatu, na hakuna hata moja kati yake linalohusu saratani. Sijambo nayo, ukiichambua, ni kukana: sina jambo. Maamkizi yetu yamejengwa hivyo tangu asili, kwamba uzima ni kutokuwa na jambo la kumsumbua mwenzio.

Basi mtu anaweza kusema, na wapo wasemao, kwamba watu wa subira hawana haja kubwa ya kusaidiwa. Wameridhika. Hojaji imesema. Hapa ndipo panaponitia hofu, na hofu yangu si ya kubuni. Amartya Sen, mwanauchumi wa Kihindi, aliandika mwaka 2002 katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya majimbo mawili ya nchi yake. Kerala, ambako watu waliishi miaka mingi kuliko wenzao wa India, na shule na zahanati zilikuwa nyingi, ndiko watu walikoongoza kwa kusema kwamba wanaumwa. Bihar, ambako watu walikufa mapema na tiba ilikuwa haba, ndiko walikolalamika kidogo kuliko wote. Wamarekani nao walijitaja kuwa wagonjwa kuwashinda hata watu wa Kerala. Lau ungeamini midomo peke yake, ungepeleka madaktari New York na kuiacha Bihar ilale. Asiyepata kuonwa na daktari hajui kwamba kikohozi chake ni ugonjwa. Hudhani ndiyo kukua. Na asiyetarajia dawa hujifunza kutoitaka. Subira ni tabia njema kwa mwenye kusubiri. Ikishikwa na mwenye kugawa, yaweza kugeuka kisingizio chake.

Je, basi tumpuuze mgonjwa, tumwachie daktari aandike namba kama zamani? Huko nako kuna shimo, na pengine refu zaidi. Mwaka 1999 Albrecht na Devlieger walichapisha mazungumzo yao na watu 153 wenye ulemavu Marekani, na zaidi ya nusu ya wale ambao ulemavu wao ulikuwa mkubwa walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Waliowatazama kutoka nje wasingewapa alama hizo. Wataalamu wana jina la kitaalamu la jambo hili. Sisi twaweza kulitaja kwa jina la mtu. Yapata mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi ambao hadi leo haujasahauliwa. Mwenyewe anaeleza humo kwamba maradhi yalikuwa yamekwisha kumshika mwaka mzima. Mpe hojaji ya mambo matano. Kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku: angepata alama za chini, na aliyesoma namba yake asingedhani kwamba katika chumba kile kunafanyika jambo lolote. Sisemi kwamba maradhi hayakumgharimu. Utendi wenyewe una dua ndefu, na aombaye ana analolitaka. Nasema tu kwamba thamani ya mwaka ule haikuwamo katika mambo matano.

Na thamani ndilo neno lenyewe. Maana hojaji haikomi kwa mgonjwa. Ili namba zijumlishwe, lazima kila hali miongoni mwa zile elfu ipewe uzito, na uzito huo mara nyingi haukutolewa na wagonjwa. Katika uchunguzi ulioongozwa kutoka York, Uingereza, mwaka 1993, watu wapatao 3,000 wa kawaida waliombwa kufikiria miaka kumi ya kuishi katika hali fulani ya ugonjwa, kisha waseme wangekubali kuiacha mingapi kati ya hiyo ili iliyobaki waishi wazima. Aliyekubali kuacha miaka minne amesema, bila ya kujua, kwamba hali hiyo ina thamani ya 0.6. Mauti yamewekwa kwenye 0. Zipo hali zilizopewa thamani chini ya mauti. Kwa hesabu hizo mwaka wa mgonjwa hupunguzwa kuwa sehemu ya mwaka, na dawa mpya hupimwa kwa bei ya mwaka mmoja mzima inaouleta. Uingereza, kwa miaka mingi, kiwango cha kawaida kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000. Siwacheki. Fedha ya umma ina kikomo, na anayegawa bila ya hesabu hugawa kwa upendeleo. Hilo twalijua visiwani vizuri kuliko wao. Lakini tazama kilichotokea njiani. Swali lilianza kitandani, "unaumwa wapi, nikusaidie nini?" Lilipofika ofisini lilikuwa limegeuka, "mwaka wako una thamani gani?" Hayo ni maswali mawili. La kwanza hudai jawabu kutoka kwa tabibu. La pili humtoza mgonjwa.

Ninachokishikilia ni hiki: kipimo ni halali kikimpima mhudumu, na huanza kuharibika kinapompima mhudumiwa. Mgonjwa akisema maumivu yangu ni manne katika matano, namba hiyo si sifa ya maisha yake. Ni habari ya kabati la dawa, na ya zamu ya usiku, na ya mganga aliyeandika vidonge viwili vya kutuliza homa akaondoka.

Kuna ushahidi kwamba kipimo kikishikwa hivyo huleta kheri. New York, Ethan Basch na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 766 wa saratani iliyokwisha kusambaa. Baadhi walitibiwa kama ilivyo desturi. Wengine waliandika kwenye kompyuta, kila mara, dalili zao: kichefuchefu, maumivu, kukosa pumzi na mengineyo. Dalili ikizidi, ujumbe ulimfikia muuguzi, naye akapiga simu, au akabadilisha dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: kwa kipimo cha kati, waliouliziwa waliishi miezi 31, na wenzao 26. Haikuwa dawa mpya. Ilikuwa hujambo iliyopata mtu wa kuisikiliza jawabu lake. Nadhani siri yote imo katika yule muuguzi mwenye simu. Ondoa simu, acha kompyuta, na utapata namba nyingi nzuri za kupeleka kwenye mikutano.

Na si lazima kompyuta. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kilitunga hojaji ya maswali kumi kwa ajili ya wagonjwa ambao tiba yao ni kutulizwa. Saba huulizwa mgonjwa, matatu jamaa wanaomuuguza. Humuuliza habari za siku tatu zilizopita tu, wala si za maisha yake yote: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama amepata wa kumweleza yaliyomo moyoni, kama anaona maisha yana maana, kama ana amani, kama jamaa zake wamesaidiwa kupanga ya mbele. Asiyesoma hujibu kwa mkono. Ngumi ni sifuri, vidole vitano ni tano. Nimependa sana mkono huo. Kuna sitara ndani yake. Mtu aliyeapa kwa adabu zake zote kwamba hajambo anaweza kuinua vidole vinne chini ya shuka bila ya kuuvunja ulimi wake. (Katika swali la amani, ngumi ndiyo jibu baya, na muuguzi asiyekumbuka hilo atafurahia pasipofurahisha.)

Mtunzi wa maswali hayo alijua pia kitu ambacho washairi hukijua: swali la wazi mno hupata jibu la desturi. Ukiuliza hujambo utaambiwa sijambo, na hiyo ni haki ya aliyeulizwa. Uliza usiku wa jana alilala saa ngapi. Uliza ubavu gani hawezi kuulalia. Uliza ni nani aliyemnyanyua kwenda msalani alfajiri, na kama mtu huyo naye amelala. Maswali hayo hayana jibu la takrima, na hayamtii mtu katika kushitaki. Ni habari tu, na habari husemwa. Yule bibi wa mia-ni-ya-Mungu, muuguzi alipokwisha kufunga karatasi zake, aliulizwa na mkwewe kama ataweza kukaa ili anywe uji. Akasema hapana, tangu juzi hakai, mfupa unamchoma kama moto. Ilikuwa ni jibu kamili, lenye mahali, na wakati, na kiasi. Halikuandikwa, kwa sababu aliyeuliza hakuwa mtafiti.

Ikiwa tutaiandika, itatubidi tuwe na la kufanya. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba watu zaidi ya milioni 61 kwa mwaka huishi katika mateso makubwa ya maradhi, zaidi ya 80 kwa mia kati yao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Mofini ya kunywa si dawa ya ajabu. Uganda, tangu Anne Merriman alipoanzisha huduma yake Kampala mwaka 1993, imekuwa ikichanganywa unga na maji ndani ya chupa ya kawaida na kupewa mgonjwa nyumbani kwake. Kinachokosekana mahali pengi ni kibali, na mtu aliyefundishwa kuitoa, na hofu kupungua.

Ndiyo maana sitawakataza vijana wetu wanaopita na hojaji wodini. Wapite. Ila ningewaomba wakubwa wao jambo moja dogo: namba ya maumivu isipelekwe ofisini kabla ya kubandikwa kitandani, mahali ambapo mwenye zamu ataiona, na chini yake iandikwe kilichofanywa, na saa, na jina la aliyefanya. Ikiwa hakuna kilichofanywa, paachwe wazi, ili jamaa wanaokuja na uji wapaone.